Msomi na pasi ndefu: nani aliondoa kengele ya chakula?

Kwa msafiri, Ibadakuli ni uwanja wa ndege wa Shinyanga na kituo kikubwa cha kupoozea umeme. Kwa mwanafunzi ni mojawapo ya kata za pembezoni mwa mji ambako anaweza kupata chumba kwa kodi inayobebeka: godoro, ndoo ya maji, meza ya plastiki na, akijaliwa, jiko la gesi la plati moja. Manispaa ya Shinyanga ina Kampasi ya Kizumbi ya Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, ina chuo cha afya Kolandoto, ina chuo cha ualimu na chuo cha ufundi. Muhula unapoanza, vijana wanaingia na suruali zinazowakaa. Unapokwisha, wapo wanaorudi nyumbani na mkanda uliotobolewa tundu jipya kwa msumari, na mama akiuliza kulikoni anajibiwa kwamba masomo yalibana, nilikuwa nasahau kula. Jibu hilo hupokewa kwa pole na sahani ya wali, na mazungumzo yanaishia hapo. Nadhani yasiishie hapo. Kijana hasahau kula kwa kuwa ni mzembe. Anasahau kwa sababu vitu vyote vilivyokuwa vikimkumbusha vimeondolewa kimoja kimoja, akaachiwa pesa kidogo na njaa yake, na njaa, kinyume na tunavyoamini, ni mkumbushaji asiyetegemeka hata kidogo.

Tuanze na hiyo njaa. Wengi hudhani kwamba mwili ukipungukiwa utapiga kelele mpaka usikilizwe. Mwili haufanyi hivyo. Homoni iitwayo ghrelini, inayotengenezwa zaidi tumboni, hupanda karibu na saa ambazo mtu amezoea kula, kisha hushuka hata kama hakula. Ndiyo maana anayepitiliza saa saba mchana akiwa maktaba hujikuta saa tisa hana njaa tena, akadhani mwili umesamehe. Mwili haujasamehe, umenyamaza tu. Juu ya hapo kuna wasiwasi wa mtihani, ambao huamsha adrenalini na kufunga hamu ya chakula, kuna chai ya rangi na vinywaji vya kuongeza nguvu vyenye kafeini, na kuna usingizi uliokatwa kwa kukesha kwenye vimbweta vya kusomea, unaomfanya mtu aamke amechelewa na kukimbilia kipindi bila kifungua kinywa. (Wapo ambao wasiwasi huwafanya wale kupita kiasi. Hao wana makala yao.) Mwanafunzi wa aina hii akisema hakusikia njaa, anasema kweli. Tatizo ni kwamba tulimfundisha tangu utotoni kuwa ishara ya kula ni njaa, na sasa ishara hiyo imezimika wiki ileile anayoihitaji kuliko wakati wowote.

Sasa hesabu. Kijana wa kiume wa kilo 60 anayetembea kwenda chuoni na kurudi huhitaji takriban kilokalori 2,400 kwa siku, na msichana karibu 2,000 au zaidi kidogo. Asubuhi akipata chai ya rangi na maandazi mawili, hazifiki 450. Akipiga pasi ndefu, yaani akiruka mchana na kungoja sahani moja ya wali maharage jioni, ile iliyojazwa vizuri na mama lishe humpa kama 800 au 900. Jumla ni kama 1,300. Hata tukisema kwamba siku nyingi hali huwa nafuu na pengo ni kilokalori 300 tu, muhula wa wiki 16 unazaa pengo la 33,600, na kilo moja ya mafuta ya mwili ina wastani wa 7,700. Hiyo ni zaidi ya kilo nne kwenye karatasi. Mwili hujibana na kupunguza matumizi, kwa hiyo mizani itaonyesha pungufu ya hapo, tuseme tatu. Kilo tatu kwa mtu wa 60 ni asilimia tano, na asilimia tano ndani ya miezi sita hadi 12, bila mtu kukusudia, ndicho kiwango ambacho madaktari huacha kukiita wembamba na kuanza kutafuta sababu.

Mtu atauliza: hizo kilo tatu zinamzuia kufaulu? Ushahidi bora tulionao hautoki Afrika, unatoka Minnesota, Marekani. Kuanzia Novemba 1944, mtafiti Ancel Keys aliwachukua vijana 36 wenye afya waliojitolea, na kwa wiki 24 akawalisha chakula cha takriban kilokalori 1,570 kwa siku, kwa lengo la kujua namna ya kuwahudumia watu waliokumbwa na njaa ya vita Ulaya. Walipoteza karibu robo ya uzito wao. Lakini kinachotuhusu zaidi ni kilichotokea kichwani. Vipimo vya akili havikuonyesha kwamba wamekuwa wajinga; uwezo ulibaki palepale. Wao wenyewe, hata hivyo, walisema hawawezi kutulia na jambo moja. Walikuwa wakali, wenye huzuni, wakajitenga, na mawazo yao yakazunguka chakula mchana kutwa, kiasi kwamba baadhi walianza kusoma vitabu vya mapishi. Kwa hiyo njaa haikufuti akili. Inaikodisha kwa shughuli nyingine. Mwanafunzi mwenye akili zake timamu anakaa saa nne mbele ya daftari na kutoka na kurasa mbili, halafu anajilaumu kwamba hana bidii, na ili kufidia anaongeza saa za kusoma kwa kuzitoa kwenye saa za kula. Tazama tena ile siku ya pasi ndefu: kilokalori 1,300 ni chini ya alizopewa mtu wa Minnesota, ambaye angalau alikuwa na daktari wa kumpima kila wiki.

Haikuwa hivi siku zote. Katika miaka ya mwanzo ya Uhuru, na kwa muda mrefu baadaye, mwanafunzi wa chuo alilishwa na chuo. Kulikuwa na bwalo, kulikuwa na saa, na saa ikifika watu walikwenda hata kama hawakuwa na njaa, kwa sababu chakula kilikuwa sehemu ya ratiba kama mhadhara. Katika shule, falsafa ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ililenga pamoja na mambo mengine kwamba shamba la shule lichangie sufuria ya shule. Miaka ya 1990 ikaja sera ya kuchangia gharama, bwalo likawa biashara au likafungwa, na chakula kikageuka kuwa pesa. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2004, na tangu mwaka wa masomo 2022/23 fedha ya chakula na malazi ni Sh10,000 kwa siku, kutoka Sh8,500. Lakini haiji kwa siku. Inaingia kama boom, mkupuo wa siku kama 60 kwa wakati mmoja, kwa kijana wa miaka 20 anayedaiwa kodi, bando, fotokopi na mdogo wake anayeomba ada. Siku ya kwanza ni chipsi kuku. Wiki ya saba ni pasi ndefu. Na hao ni wenye mkopo. Wengi wa ngazi ya cheti na stashahada wamekuwa wakitegemea mfuko wa mzazi mkulima wa pamba ambao nao hujaa mara moja kwa mwaka. Pesa ilichukua nafasi ya chakula. Hakuna kilichochukua nafasi ya kengele.

Ajabu ni kwamba ukanda huu unajua kanuni hii, kwamba anayefanya kazi hulishwa kwa ratiba, vizuri kuliko sehemu nyingi. Nenda kwenye machimbo madogo ya Geita au Kahama. Mwenye duara, yaani shimo la kuchimba, hajui kama kule chini kuna dhahabu au mawe matupu, na huenda ikapita miezi kabla ya kugawana mfuko wa kwanza, lakini kitu kimoja hakisubiri dhahabu: ugali na maharage au dagaa wa wachimbaji. Mgawo wa mali hufuata baadaye, na gharama ya chakula ni ya anayeendesha shimo. Anafanya hivyo si kwa huruma. Anajua kuwa mtu mwenye tumbo tupu hashuki shimoni, na akishuka ni hatari kwake na kwa wenzake. Migodi mikubwa imejenga mabwalo kwa hesabu hiyohiyo, kwamba anayefanya zamu ya saa 12 lazima ale kabla na katikati. Kwa Wasukuma hata kikundi cha vijana kinachoalikwa kulima shamba hakiondoki bila mwenye shamba kuwalisha. Sasa mtoto wa mchimbaji huyo, au wa mkulima huyo, akienda chuo, ghafla hakuna anayeona kwamba anafanya kazi. Anakaa tu, anasoma. Ubongo, ambao ni kama asilimia mbili ya uzito wa mwili, hutumia takriban asilimia 20 ya nishati ya mtu aliyepumzika, lakini kwa kuwa hautoi jasho tunaamini hauli.

Pingamizi la kwanza, na ndilo zito, ni kwamba nazungushia maneno umaskini. Mwanafunzi hasahau kula, anakosa pesa, na kusema amesahau ni namna ya kulinda heshima. Nakubali kwa sehemu kubwa. Wapo wengi ambao neno "nimesahau" linaficha mfuko mtupu, na kwao mawaidha ya lishe ni dhihaka. Lakini umaskini peke yake hauelezi yote. Hauelezi kwa nini kijana huyohuyo huwa na bando la intaneti na hana chakula cha mchana, wala kwa nini mwenye jiko na unga chumbani hulala na chai wiki ya mtihani. Uhaba wenyewe hula nafasi ya kichwani: anayehesabu kila shilingi huamua mambo ya leo vibaya kwa sababu nusu ya fikra iko kwenye madeni. Pale chakula kinapobaki uamuzi wa kila siku, wa kufanywa upya na mtu aliyechoka, maskini atashindwa zaidi ya tajiri. Kwa hiyo hoja ya umaskini haipingi hoja ya kengele, inaipa nguvu. Wala umaskini si sababu ya kungoja: Ufini ilipitisha sheria ya kulisha wanafunzi wa shule mwaka 1943, ikiwa katikati ya vita, na utekelezaji wake kwa shule zote ukafika mwaka 1948. Haikungoja kutajirika.

Pingamizi la pili hutoka kwa wazee, na lina fahari ndani yake: sisi tulisoma na njaa na tukafaulu. Ni kweli, ila wanaolisema ni wale waliofaulu. Waliokatishwa na udhaifu hawako mezani kutoa ushahidi. Isitoshe, wazee wengi hao walisoma bweni, wakala uji na makande kwa kengele, chakula kibaya lakini cha uhakika. La tatu ni la Ramadhani. Wanafunzi Waislamu hufunga mwezi mzima, huingia darasani, na huenda hata kwenye mitihani, mbona hawadhuriki? Kwa sababu saumu ndiyo kinyume kamili cha kusahau kula. Ina daku, ina futari, ina dakika inayojulikana ya kufungua, ina familia na jirani wanaohakikisha umekula, na ina ruhusa kwa mgonjwa. Kama pasi ndefu ingekuwa na nusu ya mpangilio huo, makala haya yasingekuwa na kazi. Kuna pia onyo maarufu la akina mama, kwamba usipokula utapata vidonda vya tumbo. Nalitaja kwa sababu linaharibu hoja nzuri kwa sababu mbovu: vidonda hivyo husababishwa zaidi na matumizi ya dawa za maumivu na bakteria aitwaye Helicobacter pylori, ambaye ugunduzi wake uliwapa Barry Marshall na Robin Warren Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Kijana akishajua hivyo hudhani yuko salama. Ana sababu nyingine za kutosha za kula, ikiwamo upungufu wa damu, uliokutwa kwa asilimia 45 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015/16.

Hapa niweke breki, kwa sababu maelezo ya "ratiba imebana" yana hatari yake. Yanaeleza kila kitu, na kitu kinachoeleza kila kitu huficha ugonjwa. Tanzania imo katika orodha ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa zaidi wa kifua kikuu duniani, na ukanda wa dhahabu una sababu yake ya ziada: vumbi la silika linalotoka kwenye miamba huharibu mapafu ya wachimbaji na kuyafanya yashambuliwe kirahisi, na mchimbaji hurudi nyumbani, hulala chumba kimoja na wadogo zake, hupanda basi na wanafunzi. Wanaosomea madini nao huenda mafunzo kwa vitendo hukohuko. Kupungua uzito ni moja ya dalili zinazoulizwa kwenye uchunguzi wa TB, pamoja na kikohozi cha wiki mbili au zaidi, homa, jasho jingi usiku na makohozi yenye damu. Virusi vya Ukimwi hupunguza uzito. Kisukari cha vijana hupunguza uzito, na huja na kiu kali na mkojo wa mara kwa mara. Tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi hupunguza uzito wa mtu anayekula vizuri, huku moyo ukimwenda mbio na mikono ikitetemeka. Sonona huondoa hamu ya chakula pamoja na hamu ya kila kitu kingine, na mara nyingi huvaa nguo za "masomo yamebana". Kipimo rahisi cha kutenganisha ni hiki: aliyepungua kwa kutokula huanza kurudisha uzito akila wiki mbili tatu. Asiyerudisha, au mwenye dalili mojawapo ya hizo, asingoje likizo.

Basi kengele itarudije? Sioni dalili ya mabwalo ya bure kurudi vyuoni kesho, na si lazima yarudi ili jambo hili litengenezwe. Chuo kinaweza kufunga saa moja ya mchana, saba hadi nane, isipangwe kipindi, jaribio wala mkutano wa kikundi. Hiyo haigharimu hata senti. Mwanafunzi anaweza kulipia sahani za mwezi kwa mama lishe siku ileile boom inapoingia, kabla ya kiatu na kabla ya bando. Mama lishe atapata mtaji wa kununulia mchele wa jumla, na kijana atakuwa na mtu mmoja mjini anayegundua kwamba leo hakuja. Na kuna kile ambacho ardhi hii ilishakitatua zamani. Viazi vitamu vikivunwa, Wasukuma huvimenya, huvikata vipande na kuvianika juani, mara nyingi juu ya majabali: vikianikwa vibichi ni michembe, vikichemshwa kwanza ni matobolwa. Hukaa miezi bila friji. Matobolwa yanatafunwa makavu hivyohivyo, matamu na magumu kidogo kwenye jino, hayahitaji mkaa wala gesi. Michembe huchemshwa ikaungwa na karanga. Kiganja cha karanga peke yake kina kilokalori 170 hivi. Mfuko wa nailoni wenye matobolwa na karanga ndani ya begi la daftari unaweza kuziba lile pengo la 300 bila mtu kuondoka maktaba. Ila vijana wengi wanaona aibu kuvitoa mbele za watu, ni chakula cha bibi, afadhali biskuti. Hiyo ni aibu ya gharama kubwa, na walimu wanaoweza kuitoa ni wale watakaoanza kuvila wao hadharani ofisini.

Kwa mwanafunzi wa sekondari ya kutwa, anayetembea asubuhi na kurudi saa kumi, mzigo uko kwa wakubwa moja kwa moja. Waraka wa Elimu Namba 3 wa mwaka 2016 ulieleza wazi kwamba chakula cha mwanafunzi wa kutwa ni jukumu la mzazi, na wazazi wengi wakausikia upande mmoja tu, kwamba elimu ni bila malipo. Matokeo ni shule ambazo debe la mahindi hujadiliwa vikao vitatu mfululizo huku watoto wakimaliza kipindi cha nane na maji ya bomba tumboni. Mzazi anayekataa debe hilo hajaokoa kitu. Analipa baadaye kwa mtoto aliyekaa darasani miaka minne na kusoma miwili.

Mzazi unayemwandaa kijana kwa muhula ujao, weka mfuko wa matobolwa na sado ya karanga juu ya godoro lake, na kabla hajaondoka mpandishe kwenye mizani. Vijana wanaotembeza mizani stendi watakupimia kwa sarafu, na zahanati itakupimia bila kinyongo. Andika namba hiyo, na siku akirudi mpime tena kabla ya kumpakulia. Akiwa amepungua asilimia tano, mlishe kwa wiki mbili, na ikigoma kupanda mpeleke kituo cha afya. Akiwa na kikohozi, usingoje hata hizo wiki mbili: kipimo cha kifua kikuu katika vituo vya Serikali hakilipiwi, na dawa zake pia.